Rabi, bingwa wa sumaku aliyewaachia madaktari jicho la kuiona saratani ya ini

KATIKA hospitali kubwa ulimwenguni, mgonjwa anayeshukiwa kuugua saratani ya ini hulazwa chali ndani ya mashine yenye umbo la pipa, akavishwa vizibo vya masikio kwa sababu ya kelele, kisha akaagizwa kuzuia pumzi kwa sekunde 15 au 20 hivi. Hapigwi eksirei wala hapasuliwi. Muda si muda, picha za ini lake huanza kujitokeza kwenye kompyuta, vipande kwa vipande, na daktari akaanza kusaka uvimbe ambao pengine haujazidi ukubwa wa punje ya mahindi.

Mashine hiyo ndiyo MRI. Wanaoitumia ni wengi, lakini wanaolijua jina la mtu aliyechimba msingi wake ni wachache. Hakuwa tabibu, hakusomea udaktari na wala hakuwa na nia ya kuunda kifaa cha hospitali. Alikuwa mwanafizikia aliyetaka kujua jambo moja tu: kiini cha atomu, kitu kidogo kisichoweza kuonekana hata kwa hadubini, kina nguvu kiasi gani za sumaku?

Mtu huyo ni Isidor Isaac Rabi, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka wa 1944.

Rabi alizaliwa Julai 29, 1898 katika mji mdogo wa Rymanów, eneo la Galicia, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria. Mji huo leo umo nchini Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini walioshika dini barabara. Babake, David, alitangulia kuhamia Marekani kutafuta riziki, na mtoto akafuata na mamake akiwa angali mchanga.

Familia hiyo ilipata hifadhi katika mtaa wa Lower East Side jijini New York, mtaa uliosongamana wahamiaji, wakiishi katika vyumba viwili. Nyumbani walizungumza Kiyidishi. Hata jina Isidor halikuwa lake la kuzaliwa. Aliitwa Israel, na jamaa zake wakamfupishia jina. Siku alipopelekwa shule, ofisa aliyemwandikisha alidhani ufupisho huo unatokana na Isidor, akaandika hivyo kitabuni, na kosa hilo la kalamu likamwandama maisha yake yote.

Mnamo 1907 walihamia Brownsville, mtaa wa Brooklyn, ambako wazazi wake walifungua duka la vyakula. Huko ndiko kijana huyo alikoionja maktaba ya umma. Kitabu kimoja kuhusu nyota na sayari kilimfunulia kwamba dunia hulizunguka jua kwa kanuni zinazoweza kuelezwa, na tangu siku hiyo akaanza kuachana na maelezo aliyopewa utotoni. Alipotimiza umri wa kufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima katika dini ya Kiyahudi, aliwashangaza wageni kwa kutoa hotuba kuhusu jinsi taa ya umeme inavyofanya kazi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Rabi mwenyewe alipenda kusimulia uzeeni kwamba kilichomfanya kuwa mwanasayansi ni mamake. Kina mama wengine mtaani waliwauliza watoto wao wamejifunza nini shuleni. Mamake Rabi alitaka kujua kama mwanawe ameuliza swali zuri siku hiyo. Mama huyo hakuwa msomi, lakini funzo lake lilizaa matunda ambayo vyuo vingi havijawahi kuzaa.

Kutangatanga

Njia ya Rabi haikunyooka. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell kusomea uhandisi wa umeme, akabadilisha nia na kuchukua kemia, akahitimu mwaka wa 1919. Nyakati hizo milango ya vyuo na kampuni nyingi za Marekani ilikuwa nzito kufunguka kwa Myahudi. Kwa miaka kadhaa aliishi kwa vibarua vya hapa na pale, ikiwemo kazi ya kutunza vitabu vya hesabu.

Mnamo 1922 alirejea Cornell, na mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Sababu ya kuhama haikuwa ya kitaaluma pekee. Helen Newmark, msichana aliyempenda, alikuwa akisoma katika jiji hilo. Walioana mwaka wa 1926 na wakajaliwa mabinti wawili.

Kwa shahada ya uzamifu, Rabi alitakiwa kupima jinsi fuwele za chumvi fulani zinavyoathiriwa na sumaku. Watangulizi wake walikuwa wakizikata na kuzisugua fuwele hizo kwa mikono, kazi iliyowala miezi na miezi. Yeye aliona ni adhabu. Alizitumbukiza fuwele katika kimiminika ambacho angeweza kukirekebisha hadi fuwele na kimiminika hicho vilingane katika sifa za sumaku, kisha akapima kimiminika badala ya fuwele. Kazi iliyoogopwa na wengi akaimaliza kwa majuma machache. Uvivu wa aina hii, wa kukataa kutoka jasho pale akili inapoweza kutumika, ulikuwa sifa yake ya kudumu.

Kati ya 1927 na 1929 alizuru Ulaya, ambako fizikia mpya ya atomu ilikuwa ikichemka. Alipita kwa mabingwa wa zama hizo: Sommerfeld jijini Munich, Bohr mjini Copenhagen, Pauli kule Hamburg na baadaye Zurich, na Heisenberg huko Leipzig. Lakini aliyeyabadilisha maisha yake ni Otto Stern wa Hamburg, ambaye mnamo 1922, pamoja na Walther Gerlach, alikuwa amepitisha mkondo wa atomu za fedha kati ya ncha za sumaku na kuona mkondo huo ukigawanyika mara mbili. Rabi hakukusudia kufanya majaribio Hamburg. Alivutwa kwenye maabara ya Stern kwa kuwa humo mlikuwa na watu wawili waliozungumza Kiingereza. Alipotoka, alikuwa tayari amebuni njia bora zaidi ya kuukunja mkondo wa atomu.

Alirudi Columbia mwaka wa 1929 akapewa kazi ya uhadhiri. Hakuwa mwalimu wa kusifiwa. Wanafunzi wake walilalamika kwamba mihadhara yake haishikiki. Hata hivyo, waliomkaribia maabarani walipata kwake kile ambacho ubao haukuweza kuwapa, na baadhi yao, miongoni mwao Julian Schwinger na Norman Ramsey, walikuja kutwaa Nobel zao wenyewe. Fedha za kuendeshea maabara zilikuwa haba. Zilizomwokoa zilitoka kwa mwenzake, Harold Urey, mshindi wa Nobel ya Kemia ya 1934, aliyemgawia nusu ya fedha za tuzo aliyopewa kwa utafiti.

Pia na pembea

Ugunduzi wa Rabi unaweza kueleweka kwa mifano ya michezo ya watoto. Viini vya atomu nyingi huzunguka mithili ya pia, na kila kimoja ni kisumaku kidogo. Pia inapopungua kasi huanza kuyumba, kichwa chake kikichora duara. Hali kadhalika, kiini kinapowekwa karibu na sumaku kubwa huyumba, na kasi ya kuyumba hutegemea aina ya kiini na nguvu za sumaku hiyo.

Sasa fikiria mtoto aliye juu ya pembea. Ukimsukuma ovyo ovyo, pembea haiendi. Ukimsukuma kwa mdundo uleule wa pembea, hata kidole kimoja kitatosha kumrusha juu. Rabi aliwaza kwamba mawimbi ya redio yanaweza kuwa kidole hicho. Yakiwa na mdundo unaolingana na wa kiini, kiini kitapinduka. Yakipishana na mdundo huo, hakuna kitakachotokea.

Mnamo Septemba 1937, mwanafizikia Mholanzi Cornelis Gorter alizuru maabara yake na kumweleza jinsi jaribio lake mwenyewe la kutafuta jambo hilo lilivyogonga mwamba. Rabi na wenzake, akiwemo Jerrold Zacharias, Sidney Millman na Polykarp Kusch, waliingia kazini mara moja. Walirusha mkondo wa molekuli za kloridi ya lithi ndani ya chombo kilichofyonzwa hewa yote, ukapita kwenye sumaku tatu. Ya kwanza iliukunja mkondo upande mmoja, ya mwisho ikaurudisha kwenye kifaa cha kuhesabia. Katikati walielekeza mawimbi ya redio.

Mdundo ulipolingana, viini vilipinduka, vikakosa njia, na hesabu ikashuka ghafla. Shimo hilo dogo kwenye mchoro ndilo lililokuwa sauti ya kiini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1938. Baadaye kundi hilo lilipima haidrojeni kwa njia hiyo hiyo, nako kukazuka habari kubwa kuhusu nguvu zinazofunga kiini. Chanda chema huvikwa pete, na miaka sita baadaye Rabi akatunukiwa Nobel.

Vita na dhamiri

Kufikia hapo, alikuwa ameiacha maabara. Mnamo 1940 Waingereza walipeleka Marekani siri ya kifaa kidogo chenye uwezo wa kutoa mawimbi makali ya rada. Rabi alijiunga na maabara ya rada iliyofunguliwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, akawa naibu mkurugenzi. Alikataa wadhifa wa naibu katika mradi wa bomu la atomu kule Los Alamos, ingawa alikubali kumshauri rafikiye, Robert Oppenheimer. Bomu la kwanza lilipojaribiwa jangwani Julai 16, 1945, ni yeye aliyekisia kwa karibu zaidi ukubwa wa mlipuko miongoni mwa wanasayansi walioweka dau.

Ushindi huo wa dau haukumpa furaha ya kudumu. Mwaka wa 1949, yeye na Enrico Fermi waliandika taarifa ya kupinga kuundwa kwa bomu la haidrojeni, wakiliona kuwa ovu kwa vyovyote litakavyotazamwa. Serikali haikuwasikiliza. Oppenheimer alipofikishwa mbele ya jopo la usalama mwaka wa 1954, wengi walinywea. Rabi alisimama na kumtetea waziwazi.

Alitumia pia sifa yake kujenga. Alichangia kuanzishwa kwa maabara ya Brookhaven, na katika mkutano wa UNESCO mjini Florence, Italia, mwaka wa 1950, alitoa pendekezo la kuwa na maabara ya pamoja kwa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yametoka kuuana. Pendekezo hilo lilichangia kuzaliwa kwa CERN mnamo 1954.

Mbegu yaota

Wakati huo wote, mbegu aliyoipanda ilikuwa ikikua mikononi mwa wengine. Mnamo 1946, Felix Bloch wa Stanford na Edward Purcell wa Harvard, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mlio wa viini unaweza kusikika ndani ya maji au nta ya kawaida, pasipo haja ya mkondo wa molekuli. Purcell alikuwa amefanya kazi katika maabara ya rada pamoja na Rabi. Wawili hao walitwaa Nobel mwaka wa 1952.

Saratani ya ini iliingia katika simulizi hili mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka wa 1971, daktari Raymond Damadian, aliyefanya kazi Brooklyn, eneo lile lile alikokulia Rabi, alichapisha vipimo vya nyama za panya. Mojawapo ya vivimbe alivyochunguza ilikuwa saratani ya ini. Aligundua kwamba viini vya haidrojeni katika maji ya uvimbe, vikishapinduliwa, huchukua muda mrefu zaidi kurejea katika hali yake kuliko vya nyama nzima. Kumbe sumaku ingeweza kuitofautisha saratani na nyama isiyo na ugonjwa.

Vipimo hivyo havikuwa picha. Mnamo 1973 Paul Lauterbur alipata ufumbuzi: sumaku ikifanywa kuwa kali zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mdundo wa kiini utaeleza pia mahali kilipo. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, aliongeza hesabu zilizowezesha picha kupatikana kwa kasi. Lauterbur na Mansfield walipewa Nobel mwaka wa 2003. Damadian aliachwa nje, akalalamika hadharani kupitia matangazo ya magazeti.

Hospitali ziliamua kuliondoa neno nyuklia katika jina la kipimo hicho, kwa kuwa liliwatia wagonjwa hofu ya mabomu na mionzi. Ukweli ni kwamba mashine hiyo haitoi mionzi ya kudhuru chembechembe za mwili. Neno lile lile lililowaogofya watu kwa sababu ya Los Alamos ndilo lililobeba tiba.

Namna ini linavyosomwa

Umuhimu wa kipimo hiki kwa ini unatokana na hali ya ugonjwa wenyewe. Mwaka wa 2022, watu wapatao 866,000 ulimwenguni waligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na wapatao 758,000 wakafariki kutokana nayo. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni dogo kwa sababu wengi hugunduliwa wakiwa wamechelewa.

Aghalabu saratani hiyo huota katika ini lililokwisha kujaa makovu kutokana na virusi vya homa ya ini aina ya B au C, pombe au mafuta. Ini la namna hiyo huwa na vinundu vingi, na si vyote vilivyo saratani. Kutoa kipande kwa sindano huweza kuleta kuvuja damu, na mara chache kutawanya ugonjwa.

Hapo ndipo MRI huonyesha ubingwa wake. Ini zima hupata takriban robo tatu ya damu yake kutoka kwa mshipa mkubwa unaotoka matumboni, na iliyobaki kutoka kwa ateri. Uvimbe wa saratani, kinyume chake, hulishwa zaidi na ateri. Mgonjwa akidungwa dawa yenye madini ya gadolini, uvimbe hung'aa mapema damu ya ateri inapofika, kisha hufifia na kuwa mweusi kuliko ini linaouzunguka. Kwa mtu mwenye ini la makovu, uvimbe wa sentimita moja au zaidi ukionyesha dalili hizo mbili, madaktari wanaweza kuthibitisha saratani bila kukata nyama. Ukigunduliwa ungali mdogo, unaweza kuondolewa kwa upasuaji, kuunguzwa, au mgonjwa akapandikizwa ini jingine.

Hata hivyo, mashine haikingi. Ni ghali, inahitaji mgonjwa atulie, na si kila aliye na kifaa cha chuma mwilini anayeweza kuingia ndani yake. Kenya ilikumbushwa mwaka wa 2004 chanzo kingine cha madhara ya ini, pale mahindi yenye sumukuvu ya aflatoksini yalipowalisha sumu watu 317 hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo hiyo, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini, na hatari huzidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Chanjo ya watoto na ukaushaji bora wa nafaka huokoa watu kabla hawajaihitaji sumaku ya Rabi.

Jioni ya maisha

Rabi alistaafu Columbia mwaka wa 1967, lakini hakuacha kufika chuoni wala kutoa maoni makali kuhusu silaha za nyuklia. Katika ugonjwa wake wa mwisho, madaktari walimwingiza katika mashine ya MRI. Akiwa amelala humo, aliiona sura yake ikiakisiwa kwenye kuta za ndani za mashine. Baadaye aliwaeleza watu mshangao uliomshika: hakuwahi kudhani kwamba kazi yake ingefikia hapo.

Saratani ilimwua Januari 11, 1988 jijini New York, akiwa na umri wa miaka 89. Mwaka huo huo, dawa ya kwanza ya gadolini iliidhinishwa nchini Marekani kutumiwa katika picha za MRI.

Wapo watakaouliza kwa nini serikali zitumie fedha za umma kupima vitu visivyoonekana ilhali hospitali hazina dawa. Ni swali la haki. Lakini mwaka wa 1938 hakuna aliyeweza kumwahidi mgonjwa yeyote chochote kutokana na mkondo wa molekuli za chumvi. Lau mfadhili angedai faida kwanza, au Urey angezifumbata fedha zake, shimo lile dogo kwenye mchoro huenda lingechelewa kuonekana, na pamoja nalo uvimbe mdogo ambao leo daktari huuona mapema na kuuondoa mgonjwa angali na nguvu za kutembea kurudi kwake.